Anayeandika Ratiba Ndiye Anayechagua Bingwa

Novemba 2019, Shirikisho la Riadha Duniani lilitoa orodha ya michezo itakayoshindaniwa katika mfululizo wa mashindano ya Diamond League ya mwaka uliofuata. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji hazikuwemo. Hazikuwemo pia mita 200, miruko mitatu wala kurusha kisahani. Machi 2019 ilikuwa imeshatangazwa kwamba mbio ndefu kuliko zote zitakuwa za mita 3,000, maana yake mita 5,000 nazo zilikuwa zinaonyeshwa mlango. Sababu haikufichwa. Matangazo ya televisheni ya kila shindano yalikuwa yanapunguzwa kutoka saa mbili hadi dakika 90, na idadi ya michezo kushushwa kutoka 32 hadi 24.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa Karatu, na jioni nasimamia timu ya riadha ya shule. Niliposoma habari ile nilipiga hesabu ambayo mtoto wa kidato cha kwanza angeiweza. Viunzi na maji kwa wanaume ni dakika nane na ushee, kwa wanawake tisa na ushee. Mita 5,000 kwa wanaume ni dakika 13, kwa wanawake 14 hadi 15. Jumlisha mbio hizo nne, unapata dakika 45 hivi, nusu ya kipindi kizima. Mita 100 za wanaume na za wanawake, zote mbili kwa pamoja, hazifikishi nusu dakika. Muda unaobaki wakimbiaji wanatambulishwa mmoja mmoja, taa zinazimwa na kuwashwa, marudio yanaonyeshwa taratibu kutoka kila pembe, na matangazo ya biashara yanapita bila kumkatisha mtu yeyote. Kwa macho ya muuza muda, mkimbiaji wa masafa marefu ni mpangaji anayekalia nusu ya nyumba kwa kodi ya chumba kimoja.

Nusu hiyo ya nyumba lakini ina wenyewe. Tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto alipotwaa dhahabu Rio mwaka 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria, dhahabu ya viunzi na maji kwa wanaume ilikwenda Kenya. Mara mbili tu ilichukuliwa na wengine, Montreal 1976 na Moscow 1980, na mara zote mbili Kenya ilikuwa imesusia michezo. Kwenye mita 5,000 wamepishana mara nyingi Waethiopia, Wakenya na, miaka ya karibuni, Waganda kina Joshua Cheptegei.

Sidhani kuna mtu aliyeketi Monaco, yaliko makao makuu ya shirikisho, akapanga kuwapunguza watu wa Afrika Mashariki. Hakuhitaji kupanga. Ukishaamua kwamba kipindi ni dakika 90 na kwamba dakika hizo ni bidhaa, kinachobaki ni kujumlisha na kutoa, na jibu linajileta lenyewe. Ndiyo maana nasema anayeandika ratiba ndiye anayechagua bingwa, hata kama hamjui bingwa huyo kwa sura wala kwa jina.

Dakika nane zina nini ndani

Watu wengi hawajawahi kuelezwa cha kutazama katika mbio za viunzi na maji, kwa hiyo niwaeleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Mkimbiaji anaruka viunzi vya kawaida mara 28 na shimo la maji mara saba. Jumla ni mara 35 ndani ya mizunguko saba na kitu. Viunzi hivi havianguki ukivigonga, tofauti na vile vya mita 110. Ni boriti nzito, urefu wake kwa wanaume sentimita 91.4 na kwa wanawake 76.2, na anayekosea hapo anaanguka yeye. Hakuna njia ya kila mtu peke yake. Wote wanakimbia wamebanana, kwa hiyo aliye katikati ya kundi anakiona kiunzi akiwa ameshakifikia. Tazama nani anakimbia kidogo upande wa nje ili aone mbele, akikubali kuongeza mita chache. Tazama nani anapunguza hatua kabla ya kuruka, kisha analazimika kuchochea tena kasi, kwa sababu kila kuchochea ni mafuta yanayoungua. Kwenye maji tazama mguu unaokanyaga juu ya boriti na mahali mguu wa pili unapotua. Kufikia mzunguko wa tano, anayetua katikati ya shimo ameshachoka, na aliye na akiba bado anatua ukingoni.

Ezekiel Kemboi alikuwa na akiba kila mara. Alizoea kukaa nyuma kana kwamba amesahau kilichomleta, kisha kengele ikilia anapanda kama mtu aliyekumbuka. Ana dhahabu mbili za Olimpiki, 2004 na 2012, na dhahabu nne za dunia mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2015. Huko Daegu mwaka 2011 alimaliza mbio akacheza dansi mbele ya kamera, na dunia nzima ikacheka naye. Kama televisheni ilitaka mtu wa kuuza, alikuwepo, tena anajiuza mwenyewe.

Lakini dansi ile haina maana kwa mtu ambaye hakuona mizunguko saba iliyoitangulia. Na mara nyingi mtazamaji haioni. Kamera inaondoka mzunguko wa pili kwenda kwa waruka kwa upondo, linakuja tangazo la gari, inarudi kengele inapolia, na mtangazaji anasema Mkenya anaongoza, Mwethiopia yuko nyuma yake. Majina hayajui. Mtazamaji anaona watu wasio na majina wakimaliza kitu ambacho hakuona kikianza, na kwa haki kabisa anachoka.

Kisha uchovu wake unapimwa. Shirikisho lilieleza wakati ule kwamba lilichagua michezo kwa kuangalia maoni ya watazamaji wa nchi kadhaa na jinsi watu wanavyobofya picha na video mitandaoni. Yaani mchezo ulioonyeshwa vibaya kwa miaka mingi uliulizwa kwa nini haupendwi, na jibu likatumika kuutoa.

Wanamichezo hawakukaa kimya. Christian Taylor, Mmarekani mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za miruko mitatu, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kuwatetea wanariadha. Halafu ikaja korona, msimu wa 2020 ukavurugika, na Desemba mwaka huo ikatangazwa kwamba michezo yote 32 inarudi. Ushindi huo haukumaliza jambo. Mwaka 2021, kwenye miruko ya mbali na urushaji, mshindi aliamuliwa na jaribio la sita peke yake kati ya watu watatu waliobaki. Ungeweza kurusha mbali kuliko wote katika jaribio la pili, ukapoteza kwa sababu jaribio la sita, lile lililopangiwa kamera, lilikutelezea. Utaratibu huo nao ulipigiwa kelele hadi ukabadilishwa. Ona tu mara ngapi wanamichezo wamelazimika kupiga kelele ili mtu aliyerusha mbali zaidi ahesabiwe kuwa ndiye aliyerusha mbali zaidi.

Duka hili ni la zamani

Ratiba haikuanza kuuzwa juzi. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, fainali ya mita 100 ya wanaume ilikimbiwa saa saba na nusu mchana, kwa sababu mchana wa Korea ni usiku wa Marekani, na NBC ya Marekani ndiyo iliyolipa fedha nyingi kuliko wote. Beijing 2008, fainali za kuogelea zilihamishiwa asubuhi, saa ambayo waogeleaji hawakuizoea kwa fainali, ili Wamarekani wamwone Michael Phelps wakiwa sebuleni baada ya chakula cha jioni. Phelps alishinda medali nane za dhahabu, na hakuna anayesema hakustahili. Ila waogeleaji wa dunia nzima walibadilisha usingizi wao kwa ajili ya sebule za nchi moja.

Kwenye burudani mashine ni ileile, imevaa nguo nyingine. Sisi wa kizazi hiki tulikua na Bongo Star Search kwa hapa nyumbani na Tusker Project Fame kwa Afrika Mashariki nzima, hili la pili likibeba jina la bia ya mdhamini tangu lilipoanza mwaka 2006. Majaji walisema yao, lakini mshiriki aliokolewa na kura za ujumbe mfupi wa simu. Kila ujumbe ulitozwa zaidi ya ujumbe wa kawaida, mapato yaligawanywa kati ya kampuni ya simu na waandaaji, na mtu mmoja aliweza kupiga kura hadi salio limwishie. Sisemi kwamba walioshinda hawakujua kuimba. Valerie Kimani wa Kenya, mshindi wa kwanza, alijua, na Hope Irakoze wa Burundi, mshindi wa 2013, alijua. Nasema tu kwamba kilichohesabiwa pale ni jumbe zilizolipiwa, na sauti nzuri ilipewa nafasi kadiri ilivyozizalisha. Mshiriki mwenye sauti ya kati na ndugu wengi wenye vocha alikuwa na sababu nzuri ya kulala usingizi.

Kwa jirani yangu, kiingilio mia tano

Jirani yangu ana kibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni mbili na king'amuzi. Kiingilio ni shilingi 500, siku ya Simba na Yanga kinapanda. Ijumaa moja ya mwezi wa sita nilimwomba aweke Diamond League kwenye televisheni moja, ile ndogo. Akanicheka. "Mwalimu, hapa watu wanalipia goli. Hao wa kwako wanazunguka tu."

Nikamwonyesha vijana wa benchi la nyuma. Hawakuwa wanatazama goli. Walikuwa wameinamia simu wakifuatilia mikeka yao, na mmoja akaruka juu kwa furaha kwa sababu imepigwa kona ya tisa. Nilimuuliza nani kaipiga. Hakujua. Hakujua jina la mchezaji hata mmoja wa timu zile mbili. Alichojua ni kwamba kona zikifika tisa, mkeka wake unapumua. Miaka ishirini iliyopita kijana kama huyo angekutajia kikosi kizima na nani anatumia mguu wa kushoto. Biashara ya kubeti haijamfukuza mpirani, imembadilishia kitu cha kutazama. Pale uwanjani kuna mtu aliyejifunza tangu utotoni kupiga kona inayoshuka kichwani mwa mshambuliaji, na kwa mtazamaji wake wa Karatu yeye ni namba.

Vilabu vyenyewe vimeonja utamu na uchungu wake. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mikataba na Simba na Yanga, ikaanzisha na kombe la vilabu vya Tanzania na Kenya. Zawadi ya bingwa ilikuwa kucheza na Everton ya Uingereza, ambayo nayo ilivaa jina la kampuni hiyohiyo kifuani. Julai 2019 Kariobangi Sharks wa Nairobi walitoka sare na Everton pale Kasarani, kisha wakawafunga kwa penalti. Walicheza mpira mzuri na walistahili kila kofi walilopigiwa. Hata hivyo, ukiitazama vizuri zawadi yenyewe, kilele cha msimu wao kilikuwa kutokea ndani ya tangazo la mdhamini wao. Mwezi huohuo kampuni iliingia mgogoro wa leseni na serikali ya Kenya, na kufikia Septemba ilikuwa imesimamisha shughuli zake nchini humo. Vilabu vya huko vilivyokuwa vimepanga bajeti kwa kuitegemea vilibaki na jezi zenye jina la mtu aliyehama.

Jumamosi ya maonyesho, Jumapili ya rekodi

Oktoba 12 mwaka 2019, siku ya Jumamosi, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee mjini Vienna kwa saa 1:59:40. Waweka kasi walikuwa 41, wanaingia na kutoka kwa zamu, mbele yao gari linalomulika mstari wa kufuata barabarani. Hata tarehe haikufungwa mapema: zilitengwa siku kadhaa ili isubiriwe hali ya hewa nzuri. Kampuni ya INEOS ilikuwa imebeba gharama na jina. Kwa kanuni za riadha muda ule si rekodi, na waandaaji hawakudai kuwa ni rekodi. Mimi nilishangilia kama wengine. Mwanadamu alikuwa amefanya ambacho hakijawahi kufanywa.

Kesho yake, Jumapili, Brigid Kosgei alikimbia Chicago Marathon kwa saa 2:14:04. Alivunja rekodi ya dunia ya Paula Radcliffe iliyokaa miaka 16, na hakuivunja kwa sekunde mbili tatu, aliivunja kwa zaidi ya dakika nzima. Ilikuwa siku iliyopangwa tangu mwaka uliotangulia, upepo ukiwa wowote utakaokuwa, pamoja na maelfu ya wakimbiaji wengine, kwa kanuni zote. Jumatatu niliwauliza wanafunzi wangu nani amevunja rekodi wikiendi hii. Darasa zima likasema Kipchoge.

Jambo hilohilo lilikaribia kutokea tena mwaka 2025. Juni 26, Nike iliandaa jioni maalumu mjini Paris ili Faith Kipyegon ajaribu kukimbia maili chini ya dakika nne, akiwa na waweka kasi waliompangia ukuta mbele na nyuma. Alitumia dakika nne na sekunde sita na ushee, muda mzuri kuliko rekodi yake ya 4:07.64, lakini hauhesabiki. Siku tisa baadaye, Julai 5, kwenye mashindano ya kawaida huko Eugene, Marekani, Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:48.68. Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, kwa 13:58.06. Ulinganishe mwenyewe muda uliosikia habari za Paris na muda uliosikia habari za Chebet. Na mita 5,000, tukumbushane, ni zilezile zilizokuwa zimeonyeshwa mlango mwaka 2019.

Kingston mara mbili

Mtoto wa Karatu ana haki ya kuutaja uwanja wa taifa wa Kingston, Jamaica. Ni pale, Mei 17 mwaka 1975, Filbert Bayi, mzaliwa wa huku kwetu, alikimbia maili kwa 3:51.0 na kuweka rekodi ya dunia. Mwaka mmoja kabla, Februari 2 mwaka 1974, alikuwa ameshaweka rekodi ya mita 1,500 huko Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, 3:32.16, akiwa na miaka 20. Aliongoza tangu bastola ilipolia hadi mwisho. Hakukuwa na mtu wa kumvutia kasi, hakukuwa na taa za kumwelekeza; wengine wakamfuata, na John Walker wa New Zealand naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Kama rekodi ya michezo hiyo, muda ule ulidumu hadi mwaka 2022.

Aprili 2025, kwenye uwanja uleule wa Kingston, Michael Johnson alizindua ligi yake, Grand Slam Track. Johnson ni bingwa wa kweli, na hoja yake ilikuwa ya wazi: angeokoa mbio, kwa sababu hakuamini angeweza kuokoa mbio pamoja na kuruka na kurusha. Kwa hiyo warukaji na warushaji wakaachwa nje. Zawadi ya bingwa wa kila kundi la mbio ilikuwa dola 100,000, fedha ambazo wanariadha wengi wa uwanjani hawakuzizoea. Televisheni ilionyesha viti vingi vitupu. Shindano la Philadelphia likapunguzwa kutoka siku tatu hadi mbili, la Los Angeles likafutwa, wanariadha wakakaa miezi wakidai zawadi zao, na mwisho wa mwaka kampuni ikawa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai. Ratiba iliyokuwa imechonga kila dakika kwa ajili ya kamera haikuwa imehakikisha kwamba mshindi analipwa.

Hapa nisieleweke vibaya, maana wapo wazee wanaoikumbuka enzi ya Bayi kana kwamba umaskini wake ulikuwa sehemu ya ubora wake. Haukuwa. Riadha ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa, na rekodi mbili za dunia hazikumjengea mtu nyumba. Alphonce Simbu alipokuwa anajiandaa kwa Rio 2016, kampuni ya ving'amuzi ya MultiChoice Tanzania ndiyo iliyomdhamini, na kule akamaliza wa tano. Mwaka uliofuata alileta shaba ya dunia kutoka London. Septemba 15 mwaka 2025, huko Tokyo, alishinda dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Fedha ya televisheni imo ndani ya safari ile, na ni halali yake.

Lakini tazama na hizo sekunde 0.03. Marathoni ya dunia haina waweka kasi wa kulipwa; wakimbiaji wanapimana wenyewe, nani ajitoe na lini. Picha ya watu wawili wakijirusha mstarini ilizunguka mitandao yote, na ni kweli inapendeza. Ila picha ile ina maana kwa sababu ya saa mbili zilizoitangulia, ambazo kwa saa zetu zilikuwa usiku wa manane na Watanzania wengi walikuwa wamelala. Hakuna mpangaji ratiba ambaye angekubali kuuza saa mbili ili apate sehemu tatu za mia za sekunde. Simbu alizipata kwa sababu ratiba ile haikuandikwa na muuzaji.

Bonanza letu

Kuna bonanza la riadha liliandaliwa mkoani kwetu, na mdhamini wake simtaji. Ratiba ya kwanza tuliyopewa walimu iliweka mita 3,000 za wasichana saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Siku mbili kabla, ratiba ikabadilishwa: saa kumi hadi saa kumi na mbili kituo cha televisheni kitakuwa mubashara, kwa hiyo muda huo uwe wa mita 100, wa viongozi kusalimia, na wa msanii kutoka Dar es Salaam. Mita 3,000 zikapelekwa saa mbili na nusu asubuhi, kabla gari la matangazo halijafika. Msichana wetu wa kidato cha tatu aliwapita kwa mzunguko mzima zaidi ya nusu ya wenzake, mbele ya walimu, waamuzi na mama wawili wauza maandazi.

Jioni ilitolewa hundi ya mfano, kubwa kama mlango, jina la mdhamini likiwa limechapwa kwa rangi na nafasi ya jina la mshindi imejazwa kwa kalamu ya wino. Ilikuwa ya mita 100. Binti yetu alipewa fulana. Baba yake aliponiuliza, "Mwalimu, na sisi tutaonekana saa ngapi?" sikuwa na saa ya kumtajia.

Kilichoniudhi zaidi si mdhamini. Yeye alinunua muda akaupanga apendavyo. Kilichoniudhi ni kwamba kiongozi wetu wa riadha ndiye aliyeweka saini kwenye ratiba mpya bila kumuuliza kocha hata mmoja. Uwanja ni wa umma, watoto ni wetu, waamuzi walijitolea, na kitu pekee ambacho tungeweza kukishikilia, karatasi moja yenye saa na majina ya mbio, tulikitoa bure.

Kwa hiyo tufanye nini

Ninayoyapendekeza ni madogo na hayahitaji bajeti. Ratiba iandikwe kwanza na watu wa mchezo wenyewe, kisha iuzwe kama ilivyo, na mkataba useme haibadilishwi bila idhini ya makocha. Angalau mbio moja ndefu ya wasichana na moja ya wavulana ziwekwe ndani ya muda wa mubashara, na zionyeshwe zote, tangazo likibidi liwekwe pembeni ya picha. Zawadi iwe imeshaingizwa benki kabla bastola haijalia. Na mtangazaji apewe majina. Hili la mwisho nimeshaanza mwenyewe: kabla ya mashindano naipelekea redio yetu ya jamii karatasi yenye jina la kila mkimbiaji, shule yake, muda wake bora na mahali anapopenda kuongeza kasi. Mara ya kwanza walipoitumia, simu za wasikilizaji ziliuliza habari za mtoto wa Endabash anayekaa nyuma hadi mzunguko wa mwisho. Hakuna aliyesema anazunguka tu.

Wadhamini waje, kamera zije, na msanii aje na spika zake zote. Ila kalamu ya ratiba ishikwe na mtu anayejua kwamba mita 3,000 ni mizunguko saba na nusu, na kwamba bingwa wake hujulikana kwenye huo wa nusu kwa sababu ya ile saba.